Sura ya Tisa: Ombi Linalotoka Ndani ya Hifadhidata

Hifadhidata nyingi za biashara hubeba zaidi ya data. Ndani yake mna pia kanuni za kazi, kama vile namna ya kukokotoa riba, kufunga ankara, kupunguza bidhaa ghalani na kukataa malipo yasiyolingana na deni, na kanuni hizo huandikwa kama taratibu zilizohifadhiwa, yaani vipande vya programu vinavyokaa na kutekelezwa ndani ya hifadhidata yenyewe badala ya kukaa katika programu anayoitumia karani au mteja. Lugha za PL/SQL ya Oracle, T-SQL ya Microsoft SQL Server na PL/pgSQL ya PostgreSQL zipo kwa ajili hiyo, na katika mifumo mingi ya benki, vyama vya akiba na mikopo, mashirika ya maji na kampuni za bima, humo ndimo sehemu kubwa ya maarifa ya taasisi ilimoandikwa kwa miaka mingi.

Kwa kuwa kanuni zimo ndani, haja ya kuwasiliana na nje nayo huanzia ndani. Utaratibu unaofunga ankara hutakiwa umpelekee mteja ombi la malipo kwenye simu. Unaosajili mwanachama hutakiwa uhakiki kitambulisho chake. Unaotoa stakabadhi hutakiwa uiwasilishe kwa mamlaka ya kodi. Huduma hizo hupatikana kwa njia ya API, yaani kiolesura ambacho programu moja hukitumia kuiomba programu nyingine kazi bila ya kuhitaji kujua imeundwaje, na API za siku hizi kwa kawaida husafiri juu ya HTTP, itifaki ileile inayoleta kurasa za wavuti kwenye kivinjari. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni Daraja, API ambayo Safaricom ya Kenya iliifungua mwaka 2017 ili mifumo ya kampuni nyingine iweze kuagiza na kupokea malipo ya M-Pesa, huduma iliyokuwa imeanza mwaka 2007. Sura hii inaufuata mfano huo, huku hifadhidata inayotuma ombi ikichukuliwa kuwa ya Oracle. SQL Server na PostgreSQL zitaguswa pale tofauti zao zinapokuwa na uzito.

Kutuma ombi lenyewe si kazi ngumu, na mistari michache ya PL/SQL hutosha. Ugumu uko kwingine. Hifadhidata imejengwa juu ya ahadi kwamba kazi isiyokamilika hutanguliwa na kubaki kana kwamba haikuwahi kutendeka, ilhali mtandao haujui ahadi hiyo wala haulazimiki kuiheshimu, na utaratibu unaoita API unasimama na mguu mmoja katika kila upande. Karibu kila hasara inayotokana na kazi ya namna hii huzaliwa hapo, wala si katika tahajia ya msimbo.

Mlango na ruhusa ya kuutumia

Katika Oracle, kazi ya kutoka nje hufanywa na kifurushi kiitwacho UTL_HTTP. Utaratibu hufungua ombi kwa BEGIN_REQUEST ukitaja anwani na kitendo kinachotakiwa, hupachika vijajuu kwa SET_HEADER, vijajuu vikiwa ni maelezo mafupi yanayotangulia mwili wa ombi, huandika mwili huo kwa WRITE_TEXT, hupokea jibu kwa GET_RESPONSE, hulisoma kwa READ_TEXT, na mwisho hulifunga kwa END_RESPONSE. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, hasa pale hitilafu inapotokea katikati na utekelezaji ukarukia sehemu ya kushughulikia makosa bila ya jibu kufungwa. Kikao kimoja cha Oracle huruhusiwa kuwa na maombi 5 tu yaliyo wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo utaratibu usiofunga majibu yake hufanya kazi vizuri kwenye majaribio, kisha hukwama na kosa ORA-29270 mara tu hitilafu za mtandao zinapoanza kurundikana.

Hadi toleo la 10g, mtu yeyote aliyekuwa na haki ya kutumia UTL_HTTP aliweza kuita anwani yoyote ambayo seva yenyewe iliweza kuifikia. Toleo la 11g la mwaka 2007 lilileta orodha za udhibiti wa ufikiaji, yaani kumbukumbu zinazotaja ni mtumiaji gani wa hifadhidata anayeruhusiwa kuunganishwa na mwenyeji gani na kupitia bandari ipi. Asiyetajwa hukataliwa kwa kosa ORA-24247. Kuanzia 12c, ruhusa hiyo hutolewa kwa wito mmoja wa DBMS_NETWORK_ACL_ADMIN.APPEND_HOST_ACE. Wasimamizi wengi wakikutana na kosa hilo kwa mara ya kwanza, huku kazi ikiwa imechelewa na simu zikiita, huandika nyota mahali pa jina la mwenyeji, na kwa kufanya hivyo humruhusu mtumiaji huyo kufika popote. Nyota hiyo ina bei kubwa. Seva ya hifadhidata kwa kawaida hukaa ndani kabisa ya mtandao wa taasisi, mahali ambapo mashine nyingine huiamini, na mvamizi aliyefanikiwa kupenyeza amri za SQL kupitia fomu dhaifu ya wavuti akiukuta mlango uko wazi hahitaji tena kuiba faili. Anaiamuru hifadhidata yenyewe imtumie data.

SQL Server ilipitia njia nyingine. Kwa miaka mingi mafundi walitegemea sp_OACreate na jamaa zake, ambazo huunda kitu cha COM, yaani kijenzi cha programu cha Windows, na kukitumia kupiga HTTP. Uwezo huo huja umezimwa tangu toleo la 2005, na kuna sababu nzuri: vijenzi hivyo kwa kawaida hupakiwa ndani ya mchakato wa hifadhidata, na kijenzi kibovu kikianguka kinaweza kuivuta seva nzima. Njia safi zaidi ilikuja na sp_invoke_external_rest_endpoint, iliyoanzia Azure SQL na kuingia SQL Server 2025, ambayo hukubali HTTPS pekee. PostgreSQL kwa upande wake haina kifaa cha HTTP katika kiini chake. Mafundi hutumia kiendelezi cha http kilichoandikwa na Paul Ramsey, ambacho hutuma ombi na kusubiri jibu papo hapo, au pg_net cha Supabase, ambacho kina tabia tofauti kabisa itakayoelezwa baadaye.

Kujitambulisha

API inayoshughulika na fedha haimjibu asiyejulikana. Daraja hufuata utaratibu wa OAuth 2.0, kiwango kilichochapishwa mwaka 2012, kwa namna yake iliyo rahisi zaidi: mfumo huonyesha ufunguo na siri ya kudumu mara moja, hupewa tokeni ya muda mfupi, kisha hutumia tokeni hiyo katika maombi yote yanayofuata. Faida yake ni kwamba siri ya kudumu haisafiri na kila ombi; kinachosafiri ni tokeni ambayo ikivuja hufa yenyewe.

Katika hatua ya kwanza, ufunguo na siri huunganishwa kwa nukta pacha, huandikwa upya kwa mfumo wa Base64, na kuwekwa katika kijajuu cha Authorization baada ya neno Basic. Inafaa isisitizwe kwamba Base64 si usimbaji fiche. Ni namna tu ya kuandika baiti zozote kwa herufi 64 zinazosafiri salama katika maandishi, na yeyote anayeiona anaigeuza kwa sekunde moja: maneno jina:siri huwa amluYTpzaXJp, na amluYTpzaXJp hurudi kuwa jina:siri bila ya ufunguo wowote. Kinachozilinda herufi hizo njiani ni TLS, tabaka la usimbaji fiche linaloigeuza HTTP kuwa HTTPS, na si Base64.

Hapa kuna mtego ambao umewapotezea mafundi wa Oracle siku nzima. Kitendakazi UTL_ENCODE.BASE64_ENCODE kiliundwa kwa mazoea ya barua pepe, kwa hiyo hukata mstari kila baada ya herufi 64. Baiti 48 huzaa herufi 64 kamili, na jozi yoyote ya ufunguo na siri inayozidi urefu huo huvunjwa katikati kwa alama za mstari mpya ambazo hazionekani kwenye skrini. Ndani ya kijajuu cha HTTP mstari mpya una maana ya kwamba kijajuu kimekwisha. Seva ya upande wa pili hupokea nusu ya utambulisho, hulikataa ombi, na fundi hubaki akikagua nywila ambayo haina kosa lolote. Dawa ni kuondoa CHR(13) na CHR(10) kwa REPLACE kabla ya kukipachika kijajuu.

Jibu likiwa jema, Daraja hurudisha maandishi mafupi ya JSON yenye access_token na expires_in, thamani ya pili ikiwa ni sekunde 3599, kwa maneno mengine saa moja kasoro sekunde moja. Kuanzia hapo kila ombi hubeba kijajuu cha Authorization chenye neno Bearer likifuatiwa na tokeni. Mwenye kuishika huaminiwa bila kuulizwa ameipataje, na kwa sababu hiyo tokeni haifai kuandikwa katika kumbukumbu za matukio hata kama siri ya kudumu imefichwa vizuri. Ombi la kumletea mteja kidirisha cha PIN kwenye simu, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la STK push, hudai pia sehemu iitwayo Password, inayotengenezwa kwa kuunganisha namba fupi ya biashara, ufunguo maalumu na muda wa sasa katika muundo wa tarakimu 14, kisha kuyaandika yote kwa Base64. Muda huohuo hurudiwa peke yake katika sehemu ya Timestamp. Utaratibu unaoita SYSDATE mara mbili, mara moja kwa kila sehemu, utafanya kazi karibu siku zote, lakini sekunde ikigeuka kati ya wito wa kwanza na wa pili, thamani hizo hazitalingana. Muda usomwe mara moja, uwekwe katika kigeu, na kigeu hicho kitumike pande zote mbili.

TLS nayo ina madai yake. Kabla ya kuituma siri, hifadhidata yapaswa kuhakikisha kwamba mashine inayozungumza nayo ndiyo inayodai kuwa, na hufanya hivyo kwa kukagua cheti cha mashine hiyo na kufuatilia sahihi zake hadi kwenye cheti cha mzizi inachokiamini tayari. Vivinjari husasishiwa vyeti vya mizizi bila ya mtumiaji kujua. Kwa mazoea ya Oracle, vyeti hivyo hukaa katika pochi, faili maalumu inayotajwa kwa UTL_HTTP.SET_WALLET, na pochi iliyojazwa mara moja na mtu aliyekwisha kuhama kazi haijisasishi. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3, ambacho huduma nyingi zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt zilikitegemea kwenye mashine za zamani, kilifikia mwisho wa muda wake, na mifumo mingi duniani ikaacha kuunganishwa siku hiyohiyo bila ya mtu kubadili herufi moja ya msimbo. Katika Oracle dalili ya tatizo la namna hiyo ni ORA-29024. Tarehe ya mwisho ya kila cheti kilichomo katika pochi yafaa iandikwe kwenye kalenda ya kazi kama inavyoandikwa siku ya kulipa kodi ya pango.

Swali la mahali pa kuiweka siri ya kudumu lina jibu moja lisilofaa, nalo ni ndani ya utaratibu wenyewe. Msimbo wa utaratibu ni data kama data nyingine. Katika PostgreSQL hukaa katika safu ya prosrc ya jedwali la mfumo pg_proc, ambayo kwa kawaida kila mtumiaji aliyeunganishwa anaweza kuisoma. Katika Oracle, mwenye haki ya kuutekeleza utaratibu huuona msimbo wake kupitia ALL_SOURCE. Na kotekote msimbo huo huingia katika kila nakala rudufu inayopelekwa kwenye mashine za majaribio. Oracle huruhusu nywila ihifadhiwe katika pochi na kutumiwa kwa SET_AUTHENTICATION_FROM_WALLET bila ya utaratibu kuiona kabisa. Azure SQL na SQL Server 2025 hutumia kitambulisho kinachoundwa kwa CREATE DATABASE SCOPED CREDENTIAL, ambacho siri yake hufichwa na ufunguo mkuu wa hifadhidata na haiwezi kusomwa tena kwa SELECT. Njia hizo zipo, na hakuna udhuru wa kuziacha.

Tokeni yenyewe yafaa itunzwe na itumike hadi ikaribie kuisha, badala ya kuombwa upya kwa kila malipo. Jedwali la mstari mmoja lenye tokeni na saa ya mwisho hutosha, ila vikao vingi vinapoikuta imeisha kwa wakati mmoja, vyote hukimbilia kuomba mpya. Kikao kinachotaka kuibadilisha kishike kufuli la mstari huo kwa SELECT FOR UPDATE, kisha kikague tena saa ya mwisho baada ya kulipata kufuli, kwa sababu huenda kikao kilichotangulia kimekwisha kuifanya kazi hiyo. Katika Oracle kazi yote hii huwekwa katika muamala unaojitegemea, kwa agizo la PRAGMA AUTONOMOUS_TRANSACTION, ili tokeni mpya ihifadhiwe na kufuli liachiwe hata kama muamala mkubwa ulioiita utatanguliwa baadaye. Ni busara pia kuihesabu tokeni kuwa imeisha dakika moja kabla ya wakati, kwani saa za mashine mbili hazilingani kwa ukamilifu.

Limebaki jambo moja ambalo huwashangaza wengi. UTL_HTTP kwa kawaida haihesabu jibu la 401 kuwa ni kosa. Seva imesema kwamba haimtambui mwombaji, lakini kwa UTL_HTTP ombi limekwenda na jibu limerudi, basi kazi imeisha salama. Utaratibu usiokagua status_code utaendelea na safari kana kwamba malipo yameagizwa. Mpangilio wa SET_RESPONSE_ERROR_CHECK hubadili tabia hiyo, ingawa kukagua namba ya hali kwa mkono kuna faida zaidi, kwa kuwa kila namba inadai mwenendo wake: 401 inataka tokeni mpya na jaribio moja tu la ziada, 429 inataka subira kwa sababu maombi yamezidi kiwango, nazo namba za 500 na kuendelea zinatia shaka ambayo sehemu inayofuata inaishughulikia.

Kilichotumwa hakirudi

Muamala wa hifadhidata ni fungu la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote. COMMIT huyakamilisha, ROLLBACK huyatangua, na utanguaji huo wa makosa ndio uliowapa waandishi wa mifumo ya fedha usingizi wa amani kwa miongo kadhaa. Ombi la HTTP halimo katika fungu hilo. Maji yakimwagika hayazoleki, na ombi lililokwisha kutoka kwenye seva halitanguliwi na ROLLBACK yoyote.

Mfuatano wa sekunde chache unaonyesha maana yake. Utaratibu wa kufunga ankara unaingiza mstari katika jedwali la ankara, unaita Daraja, na Daraja inajibu kwa ResponseCode ya 0, maana yake ombi limepokelewa. Simu ya mteja inawaka na kidirisha cha PIN. Wakati huohuo utaratibu unaendelea na hatua yake ya mwisho, kusasisha salio katika jedwali la akaunti, na hapo unagonga kizuizi, pengine salio lisiloruhusiwa kushuka chini ya sifuri. Hitilafu inatokea na muamala mzima unatanguliwa. Ankara haipo tena. Mteja, ambaye hajui lolote kuhusu miamala, anaandika PIN yake na kulipa. Fedha zimeingia katika akaunti ya kampuni, na katika hifadhidata hakuna alama yoyote kwamba ziliwahi kuombwa.

Hali ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionyeshi kosa la wazi. Utaratibu unatuma ombi na jibu halirudi. Kwa kawaida UTL_HTTP husubiri sekunde 60 kabla ya kutoa kosa la muda kuisha, na kosa hilo halisemi kama ombi lilipotea njiani kwenda, au lilifika na kutekelezwa huku jibu likipotea njiani kurudi. Matukio hayo mawili huonekana sawasawa kwa mtumaji. Msanifu anayelichukua kimya hicho kuwa ni kushindwa, akaamuru ombi lirudiwe, atamletea mteja kidirisha cha pili. Na namba ya akaunti iliyoandikwa katika ombi haimkingi, kwani namba hiyo hutaja deni linalolipwa, na deni moja linaweza kulipwa mara nyingi.

Katika sekunde hizo 60 hifadhidata nayo inalipa gharama yake. Mistari iliyoguswa na muamala inabaki chini ya kufuli, na kila kikao kingine kinachoihitaji kinasubiri nyuma yake. Programu nyingi hutumia akiba ya miunganisho, idadi maalumu ya njia za kuifikia hifadhidata zinazogawanywa kwa watumiaji wote. Akiba ya miunganisho 50, kila mmoja ukikwama kwa dakika nzima, haiwezi kuhudumia hata ombi moja kwa sekunde. Huduma ya nje ikipooza kidogo, hata karani anayetaka tu kutazama jina la mteja hujikuta hana njia ya kuingia. Muda wa kusubiri upunguzwe kwa SET_TRANSFER_TIMEOUT, ingawa hilo hupunguza maumivu bila ya kuondoa ugonjwa.

Mahali pabaya kuliko pote pa kuweka wito wa namna hii ni ndani ya kichochezi, yaani utaratibu unaojiendesha wenyewe pindi mstari unapoingizwa au kubadilishwa. Oracle ikigundua katikati ya amri ya UPDATE kwamba mtu mwingine amekwisha kuibadilisha mistari hiyohiyo, huitangua amri hiyo kimyakimya na kuianza upya, na kichochezi cha BEFORE STATEMENT hufyatuka tena kila mara inapoanza. Kwa mabadiliko ya ndani ya hifadhidata hilo halina madhara, kwani ya mara ya kwanza yametanguliwa. Kwa ombi la malipo ni vidirisha viwili kwa ankara moja, na hakuna kosa lolote litakaloandikwa popote.

Kuandika nia, kisha kuituma

Suluhisho lililokomaa ni kuutenganisha uamuzi na utumaji. Utaratibu uliohifadhiwa unabaki na mantiki yote, lakini badala ya kuita API huandika mstari mmoja katika jedwali la foleni: kiasi, namba ya simu, ankara inayohusika, hali ya ombi, na kitambulisho cha kipekee kisichokisika. Mstari huo umo katika muamala uleule na ankara. Muamala ukikamilika, nia ya kutuma imehifadhiwa. Ukitanguliwa, nia imefutika nayo, na mteja hatasumbuliwa. Ahadi ya hifadhidata inarudi kuwa kweli, kwa sababu kilichofanywa ndani ya muamala ni kazi ya hifadhidata tupu.

Kisha mtumaji, ambaye anaweza kuwa kazi ya DBMS_SCHEDULER au programu ndogo iliyo nje kabisa, husoma foleni hiyo. Watumaji kadhaa wanaweza kufanya kazi bega kwa bega bila kugombania mstari mmoja, kwa kutumia FOR UPDATE SKIP LOCKED, ambayo huruka mistari iliyokwisha kushikwa na mwingine. PostgreSQL iliipata katika toleo la 9.5, na SQL Server ina READPAST yenye maana iyo hiyo. Mtumaji huugeuza mstari kuwa unatumwa na kukamilisha muamala huo mfupi, hulituma ombi akiwa hana kufuli lolote mkononi, kisha huandika matokeo katika muamala wa pili. Kiendelezi cha pg_net kilichotajwa awali kimejengwa kwa wazo hilihili: wito wake huacha ombi katika jedwali tu, na mchakato wa pembeni hulituma baada ya muamala kukamilika. Ni fundisho zuri la usanifu, kwani kimeifanya njia sahihi kuwa ndiyo njia rahisi.

Foleni haiondoi shaka yote. Mtumaji anaweza kuzimika baada ya kutuma na kabla ya kuandika matokeo, na mstari ukabaki katika hali ya unatumwa. Kwa ujumbe wa kawaida mstari huo ungerudiwa bila kufikiri; kwa fedha haifai urudiwe kabla ya kuuliza. Daraja ina ombi la kuulizia hali ya STK push, ila huulizia kwa CheckoutRequestID, namba ambayo hutolewa katika jibu lilelile lililopotea. Hapa ndipo kitambulisho cha kipekee kilichoandikwa katika foleni kinapolipa gharama yake. Matokeo ya mwisho ya STK push hayaji katika jibu la kwanza. Huletwa baadaye na Safaricom kwenye anwani ambayo mtumaji ameitaja katika CallBackURL, yakiwa na ResultCode ya 0 mteja akilipa, au 1032 akikataa. Taarifa hiyo haiitaji ankara. Msanifu anayeweka kitambulisho chake ndani ya anwani yenyewe, kama sehemu ya njia yake, ataitambua taarifa ikirudi hata kama hakuwahi kuiona CheckoutRequestID, na mtu wa nje hataweza kubuni anwani hiyo ili kuleta taarifa ya uongo. Kwa malipo yanayozidi kiwango fulani, ulinganisho wa kila usiku kati ya foleni na taarifa ya akaunti ya M-Pesa unabaki kuwa wa lazima.

Wapo wanaosema kwamba foleni ni mzigo usio wa lazima kwa mfumo mdogo. Kwa wito unaosoma tu, kama vile kuuliza kiwango cha kubadilisha fedha, hoja yao ina uzito: ombi likirudiwa halina madhara, na utaratibu uliowekewa muda mfupi wa kusubiri unaweza kuita moja kwa moja. Kwa wito wowote unaobadilisha kitu nje, ukubwa wa mfumo hauhusiki, kwa kuwa mteja aliyetozwa mara mbili hapungukiwi na hasara kwa sababu kampuni ni ndogo.

Msimamizi wa Oracle aliyerithi mfumo wenye wito wa namna hii, asiyejua aanzie wapi, na aanze na maswali mawili kwa hifadhidata yake. La kwanza aliulize jedwali-mwonekano DBA_HOST_ACES, ambalo huonyesha kila mtumiaji aliyeruhusiwa kutoka nje na mwenyeji anayeruhusiwa kumfikia. Kila mstari wenye nyota mahali pa mwenyeji ubadilishwe uwe na jina kamili na bandari yake. La pili atafute neno UTL_HTTP katika DBA_SOURCE, na kila mahali litakapoonekana katika msimbo wa aina ya TRIGGER, aanze kuuhamishia wito huo kwenye foleni kabla ya ankara za mwisho wa mwezi kufungwa.